Barua kwa mwanangu: kwa nini nachora manowari ambazo hazikujengwa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sote hatujambo, bibi yako anaendelea vizuri na dawa zake. Hofu ni kwako wewe uliye mbali huko Muscat.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Umeuliza: "Mama, umefundisha uchoraji wa kiufundi maisha yako yote, sasa umestaafu, mbona usiku wako unaishia kwenye manowari ambazo hazijawahi hata kujengwa? Na kwa nini manowari, mama, vyombo vya kuulia watu?" Hayo ni maswali mawili, na yote ni ya haki.

Nianze na la pili, maana ndilo zito. Tarehe 31 Mei 1916, kwenye vita vya Jutland katika Bahari ya Kaskazini, manowari tatu kubwa za Uingereza zililipuka siku hiyo moja: Indefatigable, Queen Mary na Invincible. Watu zaidi ya 3,000 walikufa kwenye meli hizo tatu peke yake. Zilikuwa na mbio na mizinga mikubwa, lakini ngao yake, yaani chuma cha kuzikinga, ilikuwa nyembamba, na moto ulipofika kwenye ghala za baruti hapakuwa na la kufanya. Baada ya hapo wasanifu wa Uingereza walirudi mezani. Walianza na mchoro wa herufi K, wakawa wanarudi nyuma kwenye alfabeti, J, I, H, hadi wakafika kwenye ule ulioitwa G3.

G3 ukiitazama mara ya kwanza utadhani mtu amekosea. Mizinga yake tisa ya inchi 16 imepangwa mitatu mitatu kwenye minara mitatu, yaani vyumba vya chuma vinavyozunguka vikiwa vimebeba mizinga. Minara miwili iko mbele ya daraja la nahodha na wa tatu uko nyuma yake tu, katikati ya meli. Upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, hakuna mzinga mkubwa hata mmoja. Huko ni mashine na dohani. Sababu ni hii: ukizikusanya ghala zote za baruti mahali pamoja, eneo la kulindwa linakuwa fupi, na chuma ulichookoa kwenye urefu unakihamishia kwenye unene. Juu ya ghala hizo waliweka sitaha ya chuma yenye unene wa hadi inchi 8. Kila nikichora ule mstari mnene najua umenenepeshwa kwa ajili ya akina nani.

Meli nne za namna hiyo ziliagizwa Oktoba 1921. Mwezi uliofuata kazi ikasimamishwa, na Februari 1922 mataifa makubwa yakatia saini Mkataba wa Washington, manowari isizidi tani 35,000. G3 ilikuwa na zaidi ya tani 48,000. Zikafutwa. Wazo lake likahamia kwenye meli ndogo na za polepole zaidi, Nelson na Rodney, zilizokamilika 1927 zikiwa na minara yote mitatu mbele. Wakati huohuo Hood, manowari nyingine ya Uingereza iliyochorwa kabla ya somo la Jutland na kuongezewa chuma baadaye, ikaendelea kutumika. Tarehe 24 Mei 1941 ililipuka ikipigana na Bismarck, manowari ya Wajerumani. Ilikuwa na watu 1,418, wakaokoka watatu.

Kwa hiyo, mwanangu, siwezi kukubali kwamba kuchora manowari ni kusifia vita. Mimi naiona vita vizuri zaidi ninapochora kuliko ninaposoma hotuba za washindi. Wapo wachoraji wenzetu wa meli hizi za karatasi wanaoipenda H-44, karatasi ya Wajerumani ya mwaka 1944 yenye tani 131,000 na mizinga ya inchi 20, na wanaipamba kwa bendera zake. Hiyo sichori. Ilikuwa hesabu ya watu ambao hawakuwa tena na chuma wala muda wa kuijenga, chini ya utawala ambao sitaki kuupendezesha hata kwa rangi.

Sasa la kwanza: faida yake nini, kitu kisichokuwepo?

Watu wengi hudhani tunachora chochote kinachotujia kichwani. Ingekuwa hivyo ningechoka mapema. Mchoro wetu una kipimo kimoja tunachokubaliana duniani kote, pikseli mbili (vile vidoti vya kwenye skrini) kwa futi moja, meli ikionekana ubavuni. Mtu mzima wa futi sita anakuwa na pikseli kumi na mbili. G3 yenye futi 856 inakuwa na pikseli 1,712 kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi. Kwa kuwa kipimo ni kimoja, Mbrazili akichora mashua ya kuokolea naweza kuichukua na kuiweka kwenye meli yangu, nikaandika jina lake pembeni, na itaenea sawasawa. Na kwa kuwa mtu ana pikseli kumi na mbili, mlango wenye pikseli nane utaonekana na kila mtu, na wataniuliza ni nani anayepita hapo.

Hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, maswali. Kuna kijana alileta meli yake ya kivita nzuri mno, mistari safi, vivuli vimekaa mahali pake. Mimi nikatazama mashua zake. Alizipanga chini kabisa ya midomo ya mizinga, na winchi ya kuzishusha majini mkono wake haukuzifikia. Nikamwandikia: mzinga wa kwanza ukilia mashua zako ni kuni, na hata zikipona, nani atazitoa hapo? Akanishukuru, akahamisha mashua, akakuta dohani imemzuia, akasogeza dohani, ikamlazimu kusogeza boila. Meli yote ikabadilika kwa sababu ya mashua mbili. Nimefundisha miaka mingi, na darasani sikuwahi kupata namna bora kuliko hiyo ya kumwonyesha mwanafunzi kwamba hakuna sehemu ya mchoro inayokaa peke yake.

Kabla ya kuchora kuna hesabu. Ipo programu ya bure iitwayo Springsharp. Unaipa urefu, upana, kina, mizinga, unene wa ngao na mwendo unaoutaka, nayo inakuambia kama mwili wa meli utahimili na kama utasimama wima. Nguvu ya mwili ikishuka chini ya moja, umeipakia kupita kiasi. Tani za manowari ni shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje.

Mfano ninaoupenda ni wa Wamarekani. Meli zao za aina ya Iowa zilikuwa na mizinga tisa, zikaenda noti 33, yaani maili 33 za baharini kwa saa, kwa mashine za nguvu za farasi 212,000. Upana wake ulikuwa futi 108, kwa sababu milango ya Mfereji wa Panama ilikuwa na upana wa futi 110, na meli isiyopita Panama ilibidi izunguke Amerika Kusini yote. Zilizofuata ziliitwa Montana. Hapo waliamua kuachana na mfereji. Upana ukawa futi 121, mizinga ikawa kumi na miwili, ngao ikanenepa, mwendo ukashuka hadi noti 28. Walitegemea milango mipana zaidi ambayo kazi yake ilianza 1940, nayo ikasimamishwa 1942. Julai 1943 Montana zote tano zikafutwa, maana meli za kubebea ndege ndizo zilizohitajika. Hakuna hata moja iliyowekewa mkuku, ule uti wa chini ambao ujenzi wa meli huanzia.

Ukishajua hayo, swali linakuja lenyewe: je, wangeambiwa lazima ipite Panama, wangeacha nini? Mnara wa nne? Unene? Wewe mwenyewe huwezi kujibu kwa maneno. Ni lazima ukae, uchore, upunguze hapa na pale, na mwisho wa usiku utakuwa umeelewa kwa nini wale wahandisi walichagua walivyochagua. Mimi naita hiyo historia, tena iliyofanywa kwa mikono.

Wala usidhani meli za karatasi hazijawahi kugusa za kweli. Mwaka 1903 mhandisi wa Italia, Vittorio Cuniberti, aliandika makala akieleza manowari bora anayoifikiria kwa ajili ya Uingereza: tani 17,000, mizinga kumi na miwili ya inchi 12 yote ya ukubwa mmoja, mwendo wa noti 24. Serikali yake ilikuwa haina nafasi ya wazo hilo. Makala ilichapishwa kwenye kitabu cha mwaka cha manowari cha Fred T. Jane, mchoraji wa Kiingereza ambaye naye alianza kwa kuchora meli kwa mapenzi tu. Februari 1906 Uingereza ikaishusha majini Dreadnought, mizinga kumi ya inchi 12, na manowari zote za zamani zikapitwa na wakati. Sisemi ilitoka kwenye makala ile moja kwa moja, maana Waingereza nao walikuwa wakifikiria hayohayo. Lakini meli ya kufikirika ilisomwa na watu wazima wenye vyeo, na hawakuiona mchezo.

Uliuliza pia ninachora nini sasa. Ninachora chombo cha kwetu. Unajua habari ya Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus pale Unguja Septemba 1914 kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, maji hayakutosha. Walioimaliza, Julai 1915, ni Severn na Mersey, meli bapa za mtoni zilizojengwa kwa ajili ya Brazili, zitumike Amazon. Uingereza ilizichukua vita vilipoanza. Zisingekuwepo, Rufiji ingebaki imefungwa.

Basi nimejiuliza: Brazili ingezichukua meli zake mapema, Waingereza wangeingia Rufiji na nini? Sijiruhusu kubuni mzinga mpya wala mashine mpya, natumia vilivyokuwepo mwaka 1915 tu. Nimeanza na tishari bapa, nimeweka mizinga miwili ya inchi 6 kama ile ya Severn, mmoja omo na mmoja tezi, na ngao kidogo kuzunguka boila. Tatizo ni joto na nafasi. Kila nikiongeza chuma, tishari linazama zaidi, na kule Rufiji kila inchi ya kina inahesabiwa.

Hapa nakuhitaji wewe unayeshinda chumba cha mashine. Boila za zamani za makaa mabomba yake yalichomolewa kwa mbele wakati wa matengenezo. Nimeacha futi 8 mbele ya boila, pikseli kumi na sita, na nina wasiwasi hazitoshi kwa mafundi wawili na bomba refu. Waulize wazee wa kazi hapo, halafu nitumie kipimo kabla ya Ijumaa, maana ukuta wa nyuma siwezi kuufunga mpaka nikijue.

Wasalimie wenzako wote. Kula vizuri.

Mama yako