Programu yako haina haja ya kadi nzima

Vipimo vya siku kumi na moja vilifutika kwa sababu ya mstari mmoja nilioukopi kutoka kwenye mfano nikiwa na haraka. Kifaa chenyewe ni boksi dogo la kufuatilia joto la chumba cha baridi cha samaki: bodi ya ARM, memori kadi, kihisi kimoja na programu tatu. Ya kwanza husoma kihisi kila dakika na kuandika kipimo. Ya pili ni seva ndogo ya wavuti inayochora grafu. Ya tatu niliiongeza mwishoni, kazi yake kufagia faili za muda zilizozagaa. Hiyo fagio ndiyo iliyoniliza. Niliipa njia ya folda isiyo sahihi, nayo ikatii.

Utasema hilo linaweza kutokea popote, hata kwenye Linux. Kweli kabisa. Ila mimi nilikuwa natumia Genode, mfumo endeshi uliojengwa makusudi ili kosa la namna hiyo liishie palepale lilipozaliwa. Nilinunua kufuli la maana, halafu ufunguo nikauacha unaning'inia mlangoni.

Kwa wasioijua, Genode ilianzia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani, na tangu 2008 inaendelezwa na Genode Labs ya mji huohuo. Yenyewe hukaa juu ya maikrokeneli utakayoichagua: seL4, NOVA, au keneli yao wenyewe iitwayo base-hw, ambayo ndiyo niliyotumia. Maikrokeneli ni keneli (kiini cha mfumo endeshi) iliyopunguzwa mpaka yakabaki mambo machache: kugawa muda wa prosesa, kugawa kumbukumbu na kupitisha ujumbe baina ya programu. Draiva ya kadi iko nje. Mfumo wa faili uko nje. Vyote ni programu kama nyingine, vikianguka vinaanguka peke yao.

Ukitoka Linux, kinachokusumbua kwanza si udogo wa keneli bali utupu. Kule, programu ikiwaka tu inakuta mti mzima wa faili umeshasimama, na wewe unaanza kazi ya kukataza. Huku programu inazaliwa uchi. Hata /dev/null, lile shimo la kutupia data isiyotakiwa, haipo mpaka uiandike. Siku ya kwanza nilidhani nimeharibu kitu, kumbe seva yangu ya wavuti ilikuwa inatafuta saa, na hakuna aliyeipa saa.

Mti wa faili wa kila programu unaundwa ndani ya mipangilio yake, kwenye kipengele kinachoitwa vfs. Unaweza kupachika vitu vya aina nyingi humo: logi, saa, folda inayoishi kwenye RAM, faili moja ya kusoma tu, hata kifurushi cha tar kilichofunguliwa kana kwamba ni folda. Ushauri wangu wa kwanza ni kuanzia hapa, kabla hujaigusa kadi. Chukua daftari, iulize kila programu: unahitaji faili gani hasa? Nilipoiuliza seva yangu ya wavuti, kurasa zake hazibadiliki, kwa hiyo zinatosha kwenye tar. Faili yake ya mipangilio ina mistari mitano, nikaiandika moja kwa moja ndani ya vfs. Kilichobaki kinachohitaji kadi ni folda moja tu ya vipimo, tena kwa kusoma.

Na zile faili za muda? Kila programu nikaipa /tmp yake kwenye RAM. Haionekani na mwenzake, na kifaa kikizimwa inatoweka yenyewe. Unaona kilichotokea? Programu ya fagio ikakosa kazi. Nikaifuta.

Sasa kadi. Hapa kuna njia mbili, na watu wengi (mimi nikiwemo) huanza na ile mbaya kwa sababu inaonekana fupi. Njia hiyo ni kuweka msomaji wa ext2 (mfumo wa faili ulio kwenye kadi) ndani ya programu yenyewe, halafu ukaiunganisha moja kwa moja na draiva ya kadi. Inafanya kazi. Lakini fikiri umempa nini: si folda tena, ni patisheni (sehemu ya kadi iliyotengwa) yote, kila kipande chake, na hakuna aliyesimama katikati kumwambia "hapo usiguse". Programu ya pili ikitaka faili zilezile nayo ikafungua patisheni hiyohiyo kwa msomaji wake, basi kila mmoja ana picha yake kichwani ya mahali faili zilipo, na wakiandika wote wawili kadi inageuka uji. Njia hiyo iache kwa kifaa chenye programu moja tu inayohifadhi data.

Njia ya pili ni kuweka seva ya vfs katikati. Seva peke yake ndiyo inayoshika kadi, wengine wanakuja kwake kuomba. Yangu sasa ina mipangilio hii (toleo ninalotumia linasoma XML):

```
<config>
  <vfs>
    <rump fs="ext2fs" ram="16M" writeable="yes"/>
  </vfs>
  <policy label_prefix="kipimajoto ->"
          root="/vipimo" writeable="yes"/>
  <policy label_prefix="wavuti ->"
          root="/vipimo" writeable="no"/>
</config>
```

Mstari ulioniponza ulikuwa ni ule wa sera ya jumla, default-policy, wenye mzizi "/" na ruhusa ya kuandika. Mifano mingi inao, na si kosa la walioiandika. Wanataka mfano uwake mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba yeyote anayebisha hodi apewe kadi nzima. Ukiuondoa, programu isiyotajwa inakataliwa, na logi inakuambia. Mimi nauondoa siku ileile ya kwanza, hata nikijua nitahangaika saa nzima kuandika sera moja moja.

Angalia pia ule mshale mwishoni mwa lebo, yaani jina ambalo programu inajitambulisha nalo kwa seva. Sera hulinganisha mwanzo wa lebo, herufi kwa herufi. Ukiandika "wavuti" bila mshale, programu ya majaribio uliyoiita "wavuti2" nayo inapita kwa sera hiyohiyo. Mpangilio wa mistari hauna uzito; sera inayolingana kwa urefu zaidi ndiyo inayoshinda. Nilipoteza jioni nzima nikipandisha na kushusha mistari kama vile ni sheria za faiawoli.

Folda ya mzizi, ile inayotajwa kwenye root, lazima iwepo kwenye kadi kabla. Kama /vipimo haipo, seva haitaiunda kwa hisani. Ombi linakataliwa tu, na ukiwa na usingizi utadhani ni tatizo la ruhusa. Ninapoandaa kadi kwenye kompyuta natengeneza folda zote papo hapo.

Tena usisahau kwamba sera ya seva ni kufuli la pili. La kwanza ni njia ambazo init, mzazi wa programu zote, anazitambua. Programu ambayo haijaandikiwa njia ya huduma ya File_system haiwezi hata kufika mlangoni kwa seva. Kipimajoto na wavuti wana njia hiyo. Draiva ya mtandao haina, na sioni sababu itakayonifanya niiongezee.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi kuliko sera, nalo ni RAM. Kwenye Genode kila programu ina bajeti yake, na anayefungua kikao na seva ndiye anayekilipia: bafa ya kupitishia data inakatwa kwenye RAM ya mteja, si ya seva. Ni utaratibu wa haki, maana mteja mmoja mlafi hawezi kuimaliza seva kwa wengine. Lakini bajeti ikipungua, programu haianguki. Inasimama. Inamwomba mzazi aiongezee na kusubiri, pengine milele. Grafu yangu iliganda hivyo siku mbili nikiilaumu kadi, nikabadilisha kadi, nikabadilisha hata waya, kumbe kwenye logi mstari ulikuwepo tangu mwanzo: wavuti inaomba RAM. Kwa hiyo programu ikinyamaza baada ya kuipachikia mfumo mpya wa faili, soma logi ya init kwanza, na uangalie bajeti zote mbili, ya RAM na ya caps (vibali vya kutumia huduma na vitu vya mfumo), maana ya pili huisha kimyakimya vilevile.

Mwisho ni suala la umeme. Kilichoandikwa kinakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya seva. Huna hakika kimefika kwenye kadi mpaka programu iite fsync, amri ya kusukuma data mpaka kwenye kadi. Kipimajoto changu kinaita baada ya kila kipimo, yaani mara moja kwa dakika, na kwa mzigo huo kadi haijalalamika. Hata hivyo ext2 haina jarida la kurudisha mambo sawa, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, mfumo wa faili unaweza kubaki na majeraha. Ndiyo maana vipimo vina patisheni yao, tofauti na ile ya kuwashia kifaa, na seva ya vfs haijui hata kama hiyo nyingine ipo.

Kabla ya kukirudisha kifaa kwenye chumba cha samaki nilikichomoa plagi mara ishirini, kikiwa kinaandika. Mara mbili nililazimika kutoa kadi na kuipitisha kwenye fsck, programu ya kukagua na kutengeneza mfumo wa faili. Mara zote ishirini kiliwaka.