Muulize Fundi: Lori la nitro lisiloshika breki

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba aliniletea kutoka Dubai lori la rimoti linalotumia nishati ya nitro, skeli ya 1/8. Jioni tunalichezea Shangani na wenzangu. Mbio linazo, ila nikishika breki linaserereka hatua kumi na tano ndipo lisimame, na injini inaendelea kunguruma. Nimefungua nikakuta pedi zimelowa mafuta. Fundi wa pikipiki anasema nitafute diski ya chuma na sevo kubwa, ile mota ndogo inayovuta breki. Nianzie wapi?
Msomaji wa Chuno, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hela ya diski iache mfukoni kwanza. Kuna neno umeliandika katikati ya barua kama vile halina uzito, nalo ndilo lenye ugonjwa: injini inaendelea kunguruma. Breki inashika na injini inasukuma. Hata ungefunga breki ya Fuso, hapo ni mieleka tu.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, vua chujio la hewa. Washa rimoti, kisha risiva ya lori (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), halafu chungulia mdomo wa kabureta. Triga ya rimoti ikiwa haijaguswa, uwazi wa mle ndani uwe kama milimita 1. Sasa sukuma triga upande wa breki. Uwazi ule usiongezeke hata chembe. Ukiona unapanuka, au tangu mwanzo ulikuwa mkubwa, umemkamata mwizi. Rekebisha urefu wa fito ya kabureta, kisha shusha sailensa, yaani mwendo wa injini triga ikiwa imeachwa, kwa skrubu yake mpaka lori litulie chini bila kujivuta. Likiendelea kujivuta na sailensa iko chini, fungua klachi: mara nyingi springi imekatika.

Kagua na ile fito yenyewe, maana sevo moja inafanya kazi mbili. Mbele inafungua kabureta, nyuma inavuta breki. Katikati kuna springi ndogo: kabureta ikishafunga, springi inajibana ili mkono wa sevo uendelee kwenda mpaka breki ishike. Watu huikaza ile springi mpaka mwisho wakidhani wanaongeza nguvu. Matokeo yake sevo inamaliza jasho lake lote kwenye springi, breki inapata makombo. Ilegeze, ibaki na nguvu ya kurudisha kabureta tu.

Halafu betri. Betri kavu nne, kila moja volti 1.5, zinatoa volti 6. Ukiweka nne za kuchaji, kila moja ni volti 1.2, jumla 4.8, na sevo inalegea kama mtu aliyefunga bila kula daku. Tafuta pakiti ya betri tano za kuchaji, upate 6, ila hakikisha sevo na risiva yako zinaruhusu. Huenda ile sevo kubwa usiihitaji tena.

Mafuta kwenye pedi yasikushangaze. Nishati ya nitro ni methanoli, nitromethani na oili, na oili ile haiungui yote. Inatoka na moshi, inapaka chasisi nzima. Chomeka kipande cha mpira wa silikoni kwenye ncha ya bomba la moshi, ukielekeze nyuma, mbali na diski. Kisha toa pedi, zioshe kwa spiriti. Usitumie mafuta ya taa wala dizeli, vinaacha utando uleule unaoukimbia. Zikishakauka zisugue kidogo kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, mpaka ule mng'ao uondoke. Pedi ya fiberi iliyokunywa mafuta mpaka ndani haisafishiki, ibadilishe. Ukinunua diski ya chuma, nunua na pedi zinazoendana nayo. Kazi ya spiriti ifanyie nje, injini imepoa: moto wa methanoli mchana wa jua hauonekani vizuri, utaujua ukishakuunguza.

Mwisho kabisa ndiyo unakaza breki. Triga ikiachwa, tairi zizunguke kwa mkono bila kukwaruza. Diski inayokwaruza muda wote inachemka na kupinda. Ukivuta breki, sukuma lori: tairi zikaribie kujifunga, basi. Mimi nilitaka makubwa. Nikakaza mpaka mwisho, nikaenda nalo Msimbati, kwenye ule mchanga mgumu wa ufukweni maji yakiwa yametoka. Breki ya kwanza, lori likapiga sarakasi tatu na gia za difu zikabaki vibogoyo. Wiki iliyofuata, pini za breki zikawa zimekamatwa na chumvi. Hii pwani yetu haina adabu na chuma. Ukitoka ufukweni piga brashi, pitisha spiriti kwenye pini, uziache kavu. Ukizipaka oili itahamia kwenye pedi usiku huohuo.

SWALI: Fundi, buggy langu lilikata mawasiliano na rimoti likaingia baharini Mikindani likiwa mbio zote. Breki zilikuwa nzima. Nitazuiaje siku nyingine?
Msomaji wa Mikindani

JIBU: Pole, kaka. Risiva nyingi zina kinga ya kupotea kwa mawimbi; soma kitabu chake, uipange ishike breki, isiishie kurudi katikati. Ijaribu injini ikiwa imezimwa na gari limekalishwa juu ya kopo, tairi zikielea: zima rimoti makusudi, sevo ivute breki yenyewe. Lakini betri ya lori ikifa kabisa, kinga hiyo nayo inakufa. Kwa hiyo funga springi ya kurudishia moja kwa moja kwenye kabureta. Haitashika breki, ila itarudisha injini kwenye sailensa. Mimi huning'iniza yangu kwa waya wa nyavu.

SWALI: Nitro haipatikani huku. Naweza kutia petroli?
Msomaji wa Lindi

JIBU: Hapana. Plagi yako haina cheche. Waya wake wa platinamu unabaki mwekundu kwa msaada wa methanoli, na petroli haiwezi kuushikilia hivyo. Agiza nishati Dar es Salaam, na kopo ulifunge vizuri, methanoli inavuta unyevu.