Usimzomee Kocha Kabla Hujasoma Hesabu za Klabu

Kwa zaidi ya miaka 30, mlango wa kusini wa uwanja wetu wa raga ulikuwa na mama mmoja mkata tiketi. Mlango wenyewe ni ule wa chuma wa kuzunguka, mwembamba kiasi kwamba mtu mnene hupita kiubavu. Nilipopita hapo mara ya kwanza, mwaka 1987, nilikuwa na miaka minane, na sarafu zilikuwa zimelowa jasho kiganjani kwa jinsi nilivyozikamata. Mama yule alizihesabu, akanirudishia moja, akaniambia nikanunue chipsi. Misimu miwili iliyopita alipata ujumbe kwenye simu: klabu inaweka mashine, kazi yako imekwisha, ahsante. Hakuna kiongozi aliyempigia, wala aliyekwenda kumwona.

Nimeanza na huyo mama kwa sababu kama klabu yako inadorora na hujui kasoro iko wapi, tazama kwanza wanavyotendewa watu wa mlangoni, wafua jezi na vijana wa timu ya akiba. Mambo huanza kuoza huko muda mrefu kabla ya timu kuanza kupigwa uwanjani. Sisi hatukutazama. Tulikuwa tunamzomea kocha.

Mimi ni shabiki wa raga ya ligi, ile ya wachezaji 13, hapa West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mama yangu alitoka Tanga kuja kufanya kazi ya uuguzi. Jirani yetu, mzee mmoja ambaye mgodi wake wa makaa ya mawe ulikuwa umefungwa karibuni, ndiye aliyenishika mkono kunipeleka uwanjani. Wasomaji wa Kenya wanaijua zaidi raga ya watu 15 na ile ya watu 7. Hii yetu ilijitenga tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zilipochoka kukatazwa kuwafidia wachezaji ujira waliopoteza kwa kuacha kazi ili wacheze. Walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, watu ambao wakikosa ujira wa Jumamosi, nyumbani wanalala njaa. Mzee alinisimulia hayo mvua ikitunyeshea, mkononi ana pai na njegere za kupondwa, na alisimulia kama mtu anayetaja ukoo wake. Ndiyo maana ule ujumbe wa simu umenikaa moyoni mpaka leo. Klabu hizi zilizaliwa zikimtetea mtu wa kipato kidogo.

Sasa nieleze nilichojifunza, maana nilichelewa sana kujifunza.

Katika miaka 12 tulibadilisha makocha saba. Kila mmoja alipofukuzwa tulishangilia, na kila aliyefuata tukampa miezi mitatu. Kisha rafiki yangu mmoja, mhasibu, akaniketisha jikoni kwake na kunifungulia Companies House, masjala ya kampuni ya Uingereza. Iko kwenye intaneti na haina malipo. Kampuni binafsi inatakiwa kuwasilisha hesabu zake ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wake wa fedha kufungwa. Andika jina la kampuni inayomiliki klabu yako, uangalie mambo matatu: hesabu zimechelewa? Wakurugenzi wanajiuzulu kwa kufuatana? Kuna rehani mpya imeandikishwa juu ya mali ya klabu? Kwetu majibu yalikuwa ndiyo, ndiyo, na ndiyo. Wakurugenzi watatu walikuwa wameondoka ndani ya miezi mitano. Kocha tuliyekuwa tukimtukana siku hizo alikuwa akifundisha vijana ambao mishahara yao ilichelewa, na winga wetu alikuwa akisambaza vifurushi asubuhi kabla ya mazoezi. Nilimzomea kijana yule kwa kudondosha mpira. Nilimtafuta baadaye nikamwomba radhi.

Jambo la pili ni uwanja, na hapa usilegeze kamba hata kidogo. Timu ikishuka daraja hupanda tena, lakini uwanja ukiuzwa haurudi. Swinton ilitwaa vikombe vyote vinne msimu wa 1927–28, klabu kubwa kwelikweli, ikauza uwanja wake wa Station Road mwaka 1992. Pakajengwa nyumba, na klabu ikaanza maisha ya upangaji. Kwa hiyo ukimsikia mmiliki anazungumzia "kuhamia mahali pa kisasa", uliza siku hiyohiyo: ardhi ni ya nani leo, na itakuwa ya nani kesho? Usikubali jibu la mdomo.

Kuna na suala la michango. Klabu inapokwama, viongozi hukimbilia kwa mashabiki, na sisi tuna mioyo myepesi. Mwaka 2012 Bradford Bulls, mabingwa mara nne wa Super League, ligi kuu ya raga yetu, walitangaza kwamba wanahitaji paundi milioni 1 ili wasife. Mashabiki waliitika, hata wa klabu pinzani walichanga. Juni mwaka huohuo klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa madeni hata hivyo, ikarudi hapo tena baadaye, na Januari 2017 kampuni ikafilisiwa. Timu mpya ilianza msimu ikiwa imekatwa pointi 12. Silaumu aliyechanga, na mimi ningechanga. Lakini toeni fedha kupitia umoja wa mashabiki wenye akaunti yake, kwa masharti yaliyoandikwa, mkijua kila paundi inalipa nini. Pesa inayotumbukia kwenye shimo la madeni haimwokoi mtu.

Tiketi ya msimu nayo, kama uko Uingereza, ilipie kwa kadi ya mkopo. Sheria humbana mtoa kadi pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya paundi 100 na kisichozidi 30,000, kwa hiyo klabu ikifa katikati ya msimu una mahali pa kudai.

Wenzangu wa Simba na Yanga mmejadili sana asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji. Zishikeni hizo 51. Huku kwetu mwenye klabu ni mtu mmoja, na kwenye mkutano wa mashabiki wa mwaka jana nilisimama nikauliza kwa nini hesabu zimechelewa miezi minne. Alituonyesha jezi mpya. Nikarudia swali, kipaza sauti kikazimwa. Nilichofanya sahihi siku ile ni kwamba sikwenda peke yangu: watu 40 waliokaa nyuma yangu walisimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akauliza swali lilelile kwa adabu, bila kutukana. Wiki sita baadaye hesabu zilionekana masjalani. Hesabu zenyewe ni za kutisha, ila angalau sasa tunajua tunadaiwa kiasi gani na nani.

Sitaki mtu akate tamaa. Wakefield Trinity walishuka daraja mwaka 2023 watu wakiwaona wamekwisha. Akaja mmiliki mpya, Matt Ellis, na mwaka 2024 wakachukua ubingwa wa Championship, ligi ya daraja la pili, na Kombe la 1895, linaloshindaniwa na klabu za chini ya Super League, kisha wakarudi Super League mwaka 2025. Wachezaji wanaonekana zaidi, lakini badiliko lilianzia ofisini.

Mimi msimu huu sikununua tiketi ya msimu. Nalipa mechi kwa mechi, na kinachobaki nakipeleka timu ya wasichana chini ya miaka 14, ambayo wazazi wanaiendesha wenyewe. Yule mama wa mlangoni tumempa kiti katika kamati ya umoja wa mashabiki. Ana daftari la zamani lenye idadi ya watu wa kila mechi aliyowahi kukata tiketi, kwa mwandiko wake, na tumeanza kulilinganisha na mapato ambayo klabu iliyatangaza. Tumefika msimu wa 2011. Jumapili hii tunacheza nyumbani, saa tisa alasiri, na yeye anakuja na daftari la pili.