Je, akili mnemba itanielewa vyema zaidi kwa Lojban?

SWALI: Nimesoma kwamba Lojban ni lugha ya kubuni ambayo sentensi yake haiwezi kuchanganuliwa kisarufi kwa njia mbili. Ninapoziandikia programu za akili mnemba kwa Kiswahili, mara nyingi hunijibu nisichouliza. Je, nikijifunza Lojban, au nikibuni lugha yangu, zitanielewa vyema zaidi?

JIBU: Wazo lako lina wazee wake. Loglan, iliyoizaa Lojban, ilianza kubuniwa na James Cooke Brown mwaka 1955, na katika miaka ya 1980 mradi mmoja wa tafsiri ya kompyuta huko Utrecht, Uholanzi, ulitumia Kiesperanto (lugha nyingine ya kubuni) kilichorekebishwa kuwa lugha ya kati baina ya lugha inayotafsiriwa na ile inayotafsiriwa kwayo. Kompyuta za enzi hizo zilitegemea kanuni zilizoandikwa na watu moja baada ya nyingine, kwa hiyo lugha isiyo na vighairi iliwapunguzia wahandisi kazi.

Programu unazoziandikia leo hazikufunzwa hivyo. Zimejifunza kutokana na maandishi mengi mno, na lugha zinayoimudu ni ile iliyoandikwa sana, hata ikiwa imejaa vighairi. Kiesperanto, kilichotangazwa na mbunifu wake, Zamenhof, mwaka 1887, kina vitabu, magazeti na makala zaidi ya 300,000 za Wikipedia, ndiyo maana hakizisumbui sana. Maandishi ya Lojban ni haba. Utajibiwa kwa sentensi zenye sura ya Lojban lakini zenye maneno yaliyopachikwa pasipo pake, nawe, kwa kuwa bado mwanafunzi, hutayaona.

Hata utata wenyewe hauishi. Tuseme umeandika "mtoto wa mwalimu aliyekuja jana". Nani alikuja? Lojban ingekulazimisha uchague, na hilo ni jambo jema. Sasa tazama "gerku zdani": gerku ni mbwa, zdani ni makao. Kisarufi hakuna shaka kwamba neno la kwanza linalifafanua la pili. Ila kama ni kibanda anamolala mbwa au ni nyumba yenye umbo la mbwa, sarufi haisemi, na waundaji wake waliacha hivyo kwa makusudi.

Kuhusu kubuni lugha yako (kazi tamu, sikukatazi), itakubidi uieleze programu kanuni zake kwa lugha ya kawaida kabla ya kuitumia, na kosa lolote katika maelezo hayo litaingia katika kila sentensi itakayofuata.

Kiswahili chako kinakutosha. Andika "mtoto ndiye aliyekuja jana, si mwalimu", kisha utaje unataka jibu la namna gani na la urefu gani.