Tumetapeliwa tiketi za Umra mtandaoni: je, ninadaiwa na wenzangu, na tuzitafute vipi pesa zetu?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi ni mama wa Manyatta, hapa Kisumu. Katika chama chetu tuko akina mama saba, na tumeweka akiba kwa muda mrefu ili twende Umra. Kila mmoja alitoa shilingi 70,000 za tiketi, jumla 490,000, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Tulikuwa tumekubaliana kununua kwa wakala wa Nairobi aliyewasafirisha jirani zetu, lakini yeye alitaka tuongeze pesa. Nikaona tangazo mtandaoni la mtu auzaye tiketi za Jidda, akasema 70,000 zatosha. Nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: wanne wakajibu "sawa", wawili hawakusema kitu. Nikamlipa 280,000 kwa M-Pesa mara mbili, na 210,000 zikapitia kadi ya benki ya mtoto wa dada yangu. Akatutumia karatasi zenye majina yetu. Tulipokaribia kusafiri, shirika la ndege likatuambia nafasi zile zilishikwa tu, hazikulipiwa, zikafutika. Muuzaji amezima simu.

Wenzangu wanataka pesa zao kwangu. Mzee mmoja ananiambia nimwachie Mungu, kwamba kwenda polisi ni upungufu wa imani. Benki imempa kijana wetu fomu, na rafiki zake wanamwambia aandike kwamba kadi iliibwa ili pesa zirudi haraka. Jina lililotokea kwenye M-Pesa ni la mwanamke ambaye kijana amemtafuta akampata ana kibanda cha nguo Nakuru, na vijana wa mtaa wanasema twende tukachukue mali yake. Kuna anayejitangaza kuwa hurudisha pesa za waliotapeliwa, anataka alipwe kwanza. Wengine wanasema tusome Halbadiri, kisomo cha majina ya watu wa Badri, ili mwizi aangamie. Nimechoka, Sheikh. Nifanye lipi?

JAWABU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Pole sana, mama. Mtu kuibiwa pesa alizozikusanya kidogo kidogo kwa ajili ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu ni msiba mzito, na aliyeufanya amebeba dhulma kubwa. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29, tusiliane mali zetu kwa batili, ila iwe biashara ya kuridhiana. Wewe uliridhia kununua tiketi, hukuridhia kunyang'anywa, kwa hivyo pesa zile hazijawa zake hata kwa dakika moja. Ni zenu, ziko mikononi mwake kwa haramu.

Nianze na neno la yule mzee, maana naona limekufunga mikono. Huenda alikusudia kukutuliza, lakini hukumu yake si sahihi. Subira ni kutomlalamikia Mwenyezi Mungu kwa alilolikadiria. Kukaa kimya mbele ya mwizi ni jambo jingine kabisa. Suratush Shuura, aya ya 39, imewasifu waumini ambao wakifanyiwa jeuri hujitetea, na aya ya 41 ikasema hapana njia ya kuwalaumu wanaojitetea baada ya kudhulumiwa. Na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu mmoja alimdai Mtume kwa maneno makali hata masahaba wakataka kumshika, naye Mtume akasema wamwache, kwa kuwa mwenye haki ana la kusema. Ikiwa hayo yalisemwa mbele ya Mtume mwenyewe, wewe utazuiwaje kuandikisha taarifa yako kituo cha polisi cha Kondele?

Ni kweli aya ya 40 ya sura hiyo hiyo inasema anayesamehe na kusuluhisha ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini angalia, mama: msamaha hutolewa na mwenye haki. Unaweza kusamehe 70,000 zako. Zile 420,000 za wenzako huna mamlaka ya kumsamehe mtu yeyote, na kuacha kuzifuatilia kwa jina la subira kungekuwa kuipoteza amana ya watu. Kwako wewe, kuzitafuta ni wajibu.

Sasa nije kwenye swali ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi: je, wenzako wana haki ya kukudai?

Wewe hapa ni wakili, yaani mtu aliyetumwa na wenzake awafanyie jambo kwa niaba yao. Wakili asiye na kosa mkono wake ni mkono wa amana: mali ikipotea bila yeye kuvuka alichoruhusiwa wala kuzembea, halipi. Wale wanne waliojibu "sawa" walilijua tangazo, walijua bei, wakakubali ulipe. Kwao umefanya ulichoruhusiwa. Inabaki kuuliza kama ulizembea, na uzembe hupimwa kwa desturi ya watu wa kawaida, haupimwi kwa ujuzi wa mfanyakazi wa shirika la ndege. Nafasi iliyoshikwa huwa na herufi na tarakimu sita, na ukiipeleka kwenye tovuti ya shirika la ndege majina yenu yataonekana kweli, ijapokuwa hakuna senti iliyolipwa. Tiketi yenyewe iliyolipiwa ndiyo huwa na namba yake ya tarakimu 13. Matapeli hushika nafasi, hutuma karatasi, hupokea pesa, kisha huziacha nafasi zifutike. Anayelijua hilo kabla ya kuumizwa ni mchache. Sioni kuwa kutolijua ni uzembe wa kukulipisha. Hao wanne hawana cha kukudai, isipokuwa wathibitishe kwamba ulishaambiwa mtu huyu si mwaminifu na wewe ukaendelea.

Wale wawili hali yao ni tofauti, na sitakuficha. Makubaliano yao na wewe yalikuwa ni wakala wa Nairobi. Ulipotaka kubadilisha uliwauliza, wakanyamaza. Kanuni mashuhuri inayonasibishwa kwa Imamu Shafi inasema aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Huenda hawakuusoma ujumbe, huenda walikuwa na shaka wakaona haya kusema. Huwezi kuhesabu kimya chao kuwa idhini ya kuhamisha pesa zao kutoka kwa mtu waliyemridhia. Kwa hivyo, ninavyoona mimi, wawili hao wanakudai, kila mmoja 70,000 zake, hata kama nia yako ilikuwa njema. Nia njema imekuondolea dhambi, Mwenyezi Mungu akipenda. Haijaondoa wajibu wa kulipa. Ila kama chama chenu kina desturi inayojulikana na wote kwamba asiyejibu amekubali, na mambo yenu mengine yote yamekuwa yakienda hivyo, basi hukumu inabadilika, kwa sababu desturi iliyozoeleka ni kama sharti. Hilo mnalijua ninyi. Kaeni mliseme kwa ukweli.

Na ninyi wawili, kama mnasoma haya: Suratul Baqara, aya ya 280, imesema mdaiwa akiwa na dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na kusamehe ni bora kwenu. Mwenzenu hakula pesa zenu. Amepoteza na zake. Akishindwa kabisa kulipa, yeye ni katika wenye madeni waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, na inafaa kupewa zaka alipe. Wasimamizi wa zaka katika misikiti ya Kisumu wasione vigumu kulitazama jambo lake.

Jambo jingine katika hili. Chochote kitakachorudi ni cha wote saba kwa sehemu sawa, maana pesa zilichanganyika. Mathalani benki ikirudisha zile 210,000, kila mmoja ana 30,000. Usizichukue zote ukawalipe wale wawili kwanza ili deni lako liishe. Huko ni kulipa deni kwa mali ya wengine. Wapokee 30,000 zao, na deni lako kwa kila mmoja libaki 40,000.

Kuhusu fomu ya benki. Kuyapinga malipo ya kadi ni haki, na hakuna ubaya wa kidini ndani yake. Mashirika ya kadi yenyewe yameweka njia hiyo kwa mteja aliyelipia kitu asikipate, na kwa kawaida muda wake ni siku 120, basi msikawie. Lakini fomu hizo hutenganisha mambo mawili: malipo ambayo mwenye kadi hakuyafanya, na malipo aliyoyafanya mwenyewe kisha huduma haikuja. Kijana wenu ni wa pili. Akiandika kuwa kadi iliibwa atakuwa amesema uongo kwa maandishi, na uongo huo unaweza kumwangukia mfanyabiashara au benki isiyo na kosa. Mtume alisema, katika hadithi ya mkewe Ummu Salama, kwamba yeye ni mwanadamu, watu humletea kesi zao, na huenda mmoja akawa na hoja nzuri kuliko mwenzake. Atakayehukumiwa kwa sababu hiyo kupata haki ya nduguye, basi amekatiwa kipande cha moto. Natambua kijana atasema: hizi ni pesa zetu kweli. Ndiyo, ni zenu, na ukweli wenu una nguvu ya kutosha. Aambatanishe tangazo, mazungumzo yote, zile karatasi, na barua au ujumbe wa shirika la ndege unaosema nafasi hazikulipiwa. Na ikitokea tapeli naye amekamatwa akarudisha, baada ya benki kuwalipa, cha pili kirudi benki.

Upande wa M-Pesa, kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, humfaa zaidi aliyekosea namba, na pesa zikishatolewa hapabaki cha kurudisha. Hata hivyo toeni taarifa kwa kampuni ya simu, andikisheni polisi mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na muombe jambo lifikishwe kwa wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Utapeli wa namna hii ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kimtandao ya 2018. Akijulikana mhusika, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na yenu yamo ndani ya kiwango hicho. Msiende kwa Kadhi na jambo hili. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imemwekea ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, tena baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye.

Yule mwanamke wa Nakuru nataka nimseme kwa uzito, kwa sababu hapa ninyi mliodhulumiwa mnakaribia kuwa madhalimu. Jina kwenye M-Pesa ni jina la kitambulisho kilichosajili laini. Wangapi katika nchi hii wamegundua kuna laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao bila wao kujua? Inawezekana ni tapeli mwenyewe. Inawezekana aliuza laini yake kwa pesa kidogo, na hapo ana sehemu ya lawama. Inawezekana naye ameibiwa jina. Hamjui lipi kati ya hayo, na kibanda kile huenda ndicho kinacholisha watoto wake. Vijana wakivamia, mtapigia magoti vipi Kaaba na mali ya mtu asiye na hatia iko mgongoni mwenu? Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 8, kuwachukia watu kusitupeleke kutofanya uadilifu.

Najua kuna watakaowatolea dalili ya Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan, aliyeruhusiwa na Mtume kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Ndiyo, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameitumia kumruhusu mtu kuchukua haki yake katika mali ya anayemkania. Lakini Hind alimjua mdaiwa wake kwa yakini, kiasi cha haki yake kilijulikana, na hakuvunja mlango wa mtu. Ninyi hamna yakini, na mlango wa sheria bado hamjaugonga. Peleka jina na namba hiyo kwa wapelelezi, wao wana uwezo wa kupata kumbukumbu za simu kwa amri ya mahakama. Vijana wabaki Kisumu.

Anayedai alipwe kwanza ndipo arudishe pesa zenu, msimpe hata shilingi. Muumini haumwi katika tundu moja mara mbili, kama alivyosema Mtume. Ujira wa mtu kukurejeshea kilichopotea unafaa katika sheria, ila anaustahiki baada tu ya kukileta. Na akisema ataingia kwenye akaunti ya mtu kwa ujanja wa kompyuta, hilo ni haramu na ni jinai.

Kuhusu Halbadiri: watu wa Badri, masahaba waliopigana vita vya Badri, ni wabora wa umma huu, na majina yao yana heshima kwetu sote. Ila Mtume na masahaba waliibiwa na kudhulumiwa, na haikupokewa kwao kukusanyika kusoma majina ili mwizi aangamie. Masheikh wetu wa pwani wamehitilafiana, nami siwatukani wanaosoma, lakini siwashauri. Hasa mtakapoelekeza kisomo kwa yule mwanamke ambaye hamna yakini naye. Mnayo silaha iliyothibiti: Mtume alimwambia sahaba wake Muadh aiogope dua ya aliyedhulumiwa, maana haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Amka usiku, omba haki zenu zirudi, na mhusika wa kweli afichuke. Kwa mganga usikaribie kabisa. Anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini.

Umra yenyewe haiko shingoni mwenu kwa sasa, kwa sababu uwezo umeondoka, na hamna dhambi hadi uwezo urudi. Wewe hasa, mama, sehemu yako ikipatikana, uwalipe kwanza wale wawili kabla ya kununua tiketi nyingine, isipokuwa wakuruhusu uende, wakubali kulisubiri deni lao.

Wallahu aalam.