Usiwashe Jiko Kabla Hela Haijaingia

Juzi kuna dada kaniandikia meseji ndefu, ana kibanda cha urojo na chapati za kukunja nyama hapa Dar, jioni panajaa, sasa kapata oda ya send-off na anataka kununua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, aanze kulisha watu kwenye shughuli. Anauliza aanzie wapi. Nilianza kumjibu pembeni nikaona hapana, hili wasome wote maana najua mko wengi mnaoitaka njia hii.

Mimi nauza chakula cha mtaani cha mchanganyiko. Chapati nakunjia mishkaki, chatini ya nazi na achari ya embe, na ile pizza ya Forodhani kule Zanzibar, ya kukaangwa kwenye tawa, naijaza pweza badala ya nyama ya kusaga. Wapo wanaosema naiga Wazungu. Jamani, pwani hii tunachanganya tangu enzi, hebu liangalie bakuli moja la urojo: bhajia na kachori asili yake India, muhogo asili yake Amerika ya Kusini, juu yake nazi na mishkaki yetu, yote kwenye rojo moja la manjano na hakuna anayeliita la kigeni. Mpishi Roy Choi na wenzake kule Los Angeles mwaka 2008 waliweka nyama ya Kikorea ndani ya taco, ile chapati ya kukunja ya Kimeksiko, wakawa wanatangaza Twitter gari lao la chakula, Kogi, linapaki wapi, watu wakapanga foleni mpaka usiku. Sasa wewe mwenye urojo unaogopa nini?

Ila dada, chakula cha kibandani sio chakula cha kwenye gari. Pizza ya Forodhani ikikaa nusu saa kwenye hotpoti inatoa jasho na kulegea, kwahiyo hiyo beba tawa ukapigie palepale ukumbini. Urojo unasafiri vizuri ukiutenganisha, rojo kwenye sufuria yake, bhajia, viazi na kachori pembeni, mtu anachanganyiwa akifika mezani. Rojo likikaa linakuwa zito na unga unashuka chini, lipashe moto mdogo huku unakoroga, ongeza maji ya moto kidogo kidogo, ndimu kamulia mwisho. Leseni na kupima afya wahudumu nenda manispaa watakuelekeza, sitamaliza makala na hilo.

Sasa hela. Kuna kamati moja ya harusi, siitaji jina, ilinipa kazi ya watu mia tatu. Walitanguliza nusu, nyingine tukakubaliana asubuhi ya shughuli, ilipofika asubuhi mweka hazina akasema niendelee tu ahadi zinaingia. Nikapika, na nilipika kweli kweli! Mashangazi wa bibi harusi walikuja kuomba wafungiwe, MC akanitaja kwenye maiki ukumbi mzima ukapiga makofi. Kesho yake napiga simu, "mdogo wangu vumilia, michango bado." Baadaye simu ikawa haipokelewi kabisa. Mwenye ukumbi alilipwa, mapambo yalilipwa, MC alilipwa, mpishi ndio avumilie, na vijana wangu wa kuhudumia niliwalipa kwa hela ya kibanda. Inaniuma mpaka leo.

Toka hapo kwangu ni asilimia 70 siku ya kuandikishiana na salio lote siku tatu kabla, kwa maandishi, na idadi ya wageni ikiongezeka baada ya hapo inalipiwa kabla sijaenda sokoni. Wakikuambia "sisi ni ndugu" waambie ndugu ndio walipe mapema. Mkilegea mnatuharibia wote, maana kamati ikishazoea kukopa kwako itakuja kukopa na kwangu. Dada, kirikuu usinunue sasa hivi, uwe unakodi tu kwa hizi shughuli za mwanzo, hela yako weka kwenye majiko na vyombo vya bufe. Na hiyo send-off, kama advansi haijaingia mpaka unasoma hapa, mpigie mwenyekiti leo.