Kusherehekea ndoa Pangani bila kuharibu bahari

Dada, nimekuelewa: mnatimiza miaka kumi ya ndoa, mnataka Pangani, mlale pazuri, mle samaki wa kupaka, mzamie baharini, ila roho inakusuta starehe yenu isije ikaumiza bahari.

Maneno "rafiki wa mazingira" kwenye tangazo yasikubabaishe. Piga simu uulize: maji machafu yanakwenda wapi? Umeme ni wa jua au wa jenereta? Mimi niliwahi kulipia chumba cha "asili", jenereta ikanguruma dirishani usiku kucha. Tafuta banda la makuti lenye paa la juu, linaloelekea baharini. Upepo ukivuma, kiyoyozi hutakikumbuka.

Kisiwa cha Maziwe, baharini karibu na Pangani, msikikose. Siku hizi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linafunikwa, kwa hiyo mwulizeni nahodha saa za kupwa na kujaa. Mwambieni pia asitie nanga juu ya matumbawe. Vaeni fulana za mikono mirefu, mtapunguza kujipaka mafuta ya jua yanayoishia majini. Makombe yaacheni hapo hapo.

Na kwa kuwa mumeo ana pumu, amwone daktari kabla ya kuzamia. Hilo msilifanyie mzaha.